Ndimu Marufuku

Tonge la ugali ndilo lililoniambia kwamba nina jambo mwilini. Nilikuwa nimelimega, nimelichovya, nimeling'ata nusu, na ile nusu iliyobaki mkononi ikawa na alama nyekundu ya meno yangu. Nikaichovya tena haraka kwenye mboga, nikaimeza. Mama mkwe alikuwa ameketi mbele yangu, tunakula sahani moja, na mwanamke yule alikuwa na macho ya kuona sindano kwenye pumba.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Mume wangu alikuwa Geita kwenye dhahabu, anashuka kwenye maduara, yale mashimo ambayo mtu huingia kwa kamba asubuhi na mkewe humwomba Mungu mpaka atoke. Kabla ya kwenda alinichukua kutoka kwetu Shinyanga mjini akanipeleka kwa mama yake, kijiji kimoja upande wa Didia. Alisema huko nitatunzwa. Nilitunzwa kweli! Nilitunzwa kama shilingi kwenye fundo la kanga.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba inaitazama nyumba, na serikali ikasema sasa tutapata shule, maji na zahanati. Zahanati tuliipata, nisiseme uongo. Lakini kila mtu alihama na alichoweza kubeba: milango, vyungu, mawe ya kusagia, ng'ombe. Miti haibebeki. Pale tulipokaa hapakuwa na mti uliozidi kimo changu, na kiangazi kilipoingia jua lilikuwa linatupiga tangu asubuhi bila kuomba radhi.

Chakula chetu kilikuwa cha kiangazi cha Usukumani. Asubuhi michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikaanikwa mpaka vikawa vigumu kama vibao, halafu vinachemshwa. Mchana ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyochumwa wakati wa mvua, yakaanikwa juani mpaka yakawa meusi, yakawekwa ghalani. Jioni ugali na nsansa. Mama mkwe aliyapika kwa magadi na karanga, yanatokota mpaka yanasahau kwamba yaliwahi kuwa majani. Sikuyadharau. Nchi isiyoona mvua nusu mwaka, usipoanika utakula nini? Tena yalikuwa matamu. Lakini mimi nimezaliwa mjini, baba yangu mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, na jirani zetu Wahindi wenye duka walikuwa wakitutumia achari ya ndimu kila Idi. Kwetu hata maharage yalikamuliwa ndimu. Ulimi wangu ulikuwa unalia kutaka kitu kichachu, na pale uani nilikuwa nalamba kuta kwa macho.

Niseme na hili, maana bila hili hutaelewa. Mimba ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, tukiwa bado mjini, ikiwa na miezi minne. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Huku kwa mume, habari ikafika kwa sura nyingine: kwamba wasichana wa mjini wanajua dawa, kwamba huyu hataki kuharibu kiuno chake. Hakuna aliyeniambia usoni. Niliisikia kwa jinsi wanawake walivyonyamaza nilipofika kisimani. Kwa hiyo hii ya pili nilikuwa naibeba kwa mikono miwili. Ikitoka na hii, nitakuwa sina mtoto, sina mume, na sina jina.

Siku ya kliniki mama mkwe alinisindikiza, kama kawaida, akabaki nje kivulini na kina mama wengine. Nesi alikuwa mama wa makamo, mfupi, mkali kama pilipili kichaa. Akanilaza, akaweka tumboni kile kidude cha mbao cha kumsikilizia mtoto, akaitikia kwa kichwa. Akanivuta kope la chini kutazama damu, akaguna. Kisha akasema:

"Cheka."

"Nicheke nini, nesi?"

"Cheka nione meno, mwanamke. Sikukuambia ufurahi."

Akanibonyeza fizi kwa kidole. Alipokitoa kilikuwa kimelowa damu. Akaniuliza nakula nini, nikamtajia. Matunda? Hakuna. Mboga mbichi? Kiangazi hiki, nesi, niitoe wapi?

"Nyinyi mnakula jua," akasema. "Mmeanika kila kitu mpaka vitamini C yote imepaa, na iliyobaki mnaimalizia kwa magadi. Mtoto ataipata wapi?"

Akanieleza, na namshukuru alinieleza kama mtu mwenye akili. Ndimu moja kwa siku. Niikamue kwenye chakula kikishaepuliwa, nisiichemshe. Nikipata pera, nikipata ubuyu, nile. Vidonge vyekundu vya kuongeza damu alivyokuwa akinipa nivimeze na ndimu, nisivimeze na chai, kwa sababu chai inavizuia. Halafu akafungua chupa, akahesabu vidonge vidogo vyeupe thelathini, akavifunga kwenye kipande cha gazeti. Hivyo vilikuwa vitamini yenyewe, kwa mwezi mmoja, mpaka nipate ndimu.

"Kimoja kila asubuhi. Kimoja, umesikia? Hii mwili hauiwekei akiba. Ukibugia vingi kwa mpigo vitatoka kama vilivyoingia, na chooni utaona cha mtema kuni."

"Na nisipopata ndimu?"

Akanitazama. "Damu yako iko chini, fizi ndizo hizo. Kujifungua ni kumwaga damu. Ukifika siku hiyo ukiwa hivi, mimi hapa sina damu ya kukuongezea."

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia mama mkwe. Nilimwita mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma, tangu siku ya kwanza nilipopiga magoti mlangoni kwake. Nikasema, mayu, nesi amesema nile ndimu moja kwa siku. Akasimama katikati ya barabara.

"Ndimu inakata damu."

"Nesi amesema ndiyo inayo..."

"Nesi amezaa wangapi?"

Sikujua nesi amezaa wangapi.

"Mimi nimezaa. Tena nyumbani, bila kitanda cha chuma. Mwenye mimba haweki uchachu mdomoni. Ndimu, ukwaju, ubuyu, hata kuunusa tu. Nisikusikie."

Na si yeye aliyelitunga jambo lile. Hata kwetu mjini msichana akiwa mwezini anaambiwa aache ndimu, inakata damu. Lakini kwetu mjamzito mwenye kichefuchefu hupewa ndimu anuse, na akinyonya kidogo hakuna anayeita baraza. Kwa mayu ilikuwa sheria. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba udongo aliniletea mwenyewe! Kila gulio alirudi na vipande vya pemba, ule udongo wa kutafunwa na wajawazito, ananipa kwa upendo kabisa, "kula ng'wanawane, kula mwanangu." Udongo ruksa, ndimu marufuku. Haya, niambie wewe.

Kuhusu vile vidonge vyeupe sikusema neno. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilivificha ndani ya godoro la majani upande wa ukutani, na kila asubuhi nikijifanya natandika, natafuna kimoja. Jamani uchachu ule! Machozi yalinitoka kwa raha. Siku sita nilikula hivyo, kimoja kimoja, kama nilivyoagizwa.

Siku ya sita mchana mayu akatangaza kwamba kesho magodoro yote yanatolewa, majani yanachomwa, tunaweka mapya, kunguni wamezidi. Nifiche wapi? Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na mlango mmoja. Kanga yangu aliifua yeye. Darini kulikuwa na mahindi yake, ambayo aliyajua gunzi kwa gunzi. Uani hakuna mti, hakuna kichaka, majirani wanaona mpaka unachotema. Nikaona bora viwe tumboni kuliko motoni. Nikajiambia, mtoto ameshinda njaa ya kitu hiki miezi mitano, acha ashibe kwa mara moja. Nikavitafuna vyote ishirini na vinne, nimeinamia ukuta kama mwizi wa sukari.

Nesi hakuwa mwongo. Kesho yake asubuhi tumbo lilinikata nikajikunja. Nilikwenda chooni, nikarudi, sijakaa nikaenda tena. Mpaka jua linafika utosini nilikuwa nimepoteza hesabu, lakini mayu hakuipoteza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda na majani ya godoro miguuni mwake, na mkononi ameshika kile kipande cha gazeti, kitupu, na kumbe nilikuwa nimekirudisha kule kule kwenye godoro. Ujinga wa mtu mwenye haraka hauna dawa.

"Umekula nini?"

Nikasema kweli. Vitamini, mayu. Za nesi. Za fizi. Akaunusa mfuko ule wa karatasi. Akaulamba.

"Chachu," akasema. Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yanashuka. Mimi nilidhani atanipiga, na ningejua la kufanya na kipigo. Kilio kile kilinimaliza.

Wanawake wa mstari wetu wakaitwa. Wakakaa uani, wakanitazama nikipita kwenda chooni na kurudi, na kila safari ikawa ushahidi. Mjamzito amekula dawa chachu kwa siri, sasa tumbo linamkata, na ya kwanza ilitoka. Hata mimi ningekuwa mmoja wao ningesema hivyo hivyo. Nilieleza, nikaapa kwa jina la Mungu, nikawaonyesha fizi. Mmoja akasema fizi zinatoka damu kwa sababu ya dawa yenyewe. Mficha uchi hazai, akaongeza mwingine, na wote wakaitikia kwa kichwa.

Mimba haikutoka. Tumbo lilitulia siku ya pili. Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kuanzia hapo sikwenda kisimani, sikwenda gulioni, sikwenda kliniki. "Kliniki ulikokwenda kuchukua sumu?" Mayu alihamishia mkeka wake mlangoni. Nikienda chooni anasimama nje, anakohoa kidogo kuniambia yupo. Chakula alinimegea yeye. Vidonge vya damu alivitupa vyote, vyekundu na vyeupe kwake vilikuwa ndugu. Akatuma ujumbe Geita kwa mtu aliyekuwa anarudi machimboni, na baada ya wiki tatu jibu la mume wangu likaja kwa mdomo wa mtu mwingine: nimsikilize mama, mama anajua, nitulie mpaka nijifungue. Nilimchukia siku ile. Namwambia hata leo, nilikuchukia, na yeye hucheka akidhani ni utani.

Nikajaribu njia moja. Nikamwomba mayu anipeleke kwa balozi wa nyumba kumi, nikisema nataka kusuluhishwa. Mbele ya balozi nikaomba barua ya ruhusa ya kusafiri, niende kwa mama yangu Shinyanga. Siku zile bila barua hutoki kijijini, basi lenyewe linakaguliwa. Balozi akakuna kidevu.

"Mke wa mtu," akasema, "mwenye tumbo, na kesi ni juu ya tumbo lenyewe? Mumeo aje aniambie yeye."

Akanipa pole, akanipa maji ya kunywa. Kila mtu alikuwa na adabu, hiyo ndiyo iliyoniua. Hapakuwa na mtu wa kumtukana. Shinyanga mjini si mbali na pale, mtu mwenye miguu mizima angefika kwa siku moja, nami ningekuwa Marekani isingekuwa tofauti.

Kiangazi kikakaza. Fizi zikavimba zikawa zinafunika meno, nikawa nalainisha michembe mdomoni kama kikongwe. Miguuni nikaota mavilio ya damu ambayo hayakutokana na kujigonga popote. Magoti yakaniuma, kusimama ikawa kazi ya kupanga. Na mtoto akapunguza kucheza. Nilikuwa nashinda na mkono tumboni, namsubiri, akipiga teke moja nalia, asipopiga nalia. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile tena maishani, si kwenye ajali, si kwenye vifo vilivyokuja baadaye. Nilikuwa naona siku ya kujifungua inakuja kama ng'ombe aliyekata kamba, nami nimefungwa mtini.

Nilimwambia mayu, nitakufa. Akasema, hutakufa, mimi nipo. Alimaanisha. Alinipaka mafuta magotini, akanichemshia maji ya kuoga, akanipa kipande kikubwa cha nyama alichopata. Alikuwa ananiua kwa mikono laini kabisa.

Sasa, mtu aliyefungiwa ana kazi moja tu, kutazama. Kila asubuhi mayu alikaa kwenye kigoda chake akapiga mswaki wa mti. Nikaona kwamba akitema, anavuta vumbi kwa unyayo haraka na kufukia. Siku ya kwanza sikujali. Siku ya pili nikasogea. Siku ya tatu aliita mbuzi wake, akageuka, na mate yake yakabaki pale chini kabla hayajafukiwa. Yalikuwa mekundu. Nikautazama mswaki mkononi mwake: nyuzi zake zilikuwa nyekundu mpaka katikati.

Loo! Akili yangu iliyolala wiki ngapi ikaamka ghafla. Sahani moja, chungu kimoja, nsansa ile ile. Nikasema, na Mungu anisamehe, mkwe hasemeshwi hivyo:

"Mayu, na wewe unatoa mimba?"

Akageuka. Nikajikaza kusubiri kofi, na nilikuwa nimelistahili. Mkwe wangu alikuwa mjane, mtu mzima, nywele nyeupe zimeanza kumzidi nyeusi. Akanitazama mimi, akayatazama mate yake, akayafukia kwa mguu taratibu.

Kesho yake nilipoamka mkeka wake ulikuwa umekunjwa na mlango uko wazi. Wazi kabisa, nauona mstari wa nyumba na barabara ya kwenda mjini. Hakuna mtu uani. Miezi miwili nilikuwa nimeiota nafasi ile. Nikasimama, nikashika ukuta, nikapiga hatua tano, magoti yakagoma, nikakaa kizingitini. Nilikaa pale mpaka jua likapinda, mlango wazi mgongoni na barabara mbele, nikijicheka na kujililia.

Mayu akarudi alasiri, vumbi mpaka magotini, na kikapu kichwani kimefunikwa kanga. Alikuwa amekwenda mahameni, kwenye boma lao la zamani, ambako kurudi kulikatazwa. Walioonekana huko waliitwa kwa mwenyekiti kujieleza. Akaingia ndani, akakitua kikapu, akaifunua kanga. Ndimu. Ndogo ndogo za kiangazi, kutoka kwenye mti wao uliobaki kule, ngozi kavu, lakini harufu ile ilijaza chumba nikahisi mate yananijaa mdomoni mpaka shingo inauma. Nikanyoosha mkono. Akaupiga.

"Si zako."

Akachukua moja, akaikata kwa kisu, akaikamua mdomoni mwake. Uso ukakunjamana wote. Akameza.

"Kama inakata damu," akasema, "ianze na yangu. Mimi nimeshazaa."

Siku nane! Siku nane alikula ndimu moja kila asubuhi mbele yangu, mimi nakaa naangalia kama mbwa mbele ya bucha. Nilimsihi. Nilimwambia mtoto hasubiri, nilimwambia atabeba damu yangu. Akaziba masikio. Mwanamke yule alikuwa hakubali neno la nesi, wala langu, wala la redio. Alikubali mwili wake tu. Kila baada ya mswaki alitema kwenye jiwe jeupe la kusagia karanga, anainama, anatazama. Siku ya nne akatazama kwa muda mrefu. Siku ya sita akaniita nami nitazame. Siku ya nane mate yalikuwa meupe, akatema mara mbili kuhakikisha, akaingia ndani akatoka na ndimu na kisu. Akaikata katikati.

"Nusu," akasema. "Nusu asubuhi, nusu jioni. Usiniletee ya siku ile."

Sikumletea. Ningeweza kukifakamia kikapu chote, lakini niliipokea ile nusu kwa mikono miwili na nikainyonya polepole, fizi zinawaka moto, machozi yananitiririka, na yeye ameniwekea mkono tumboni kusikia kama kuna kitakachotokea. Kilichotokea ni teke. Wote wawili tulilisikia. Yeye aliondoa mkono haraka kama ameungua.

Nikanyonya ndimu kila siku. Kikapu kilipokwisha alikwenda tena, na tena. Nsansa akaacha kuitia magadi, akaniambia niikamulie ndimu ikishaepuliwa, akinitazama kwa jicho la pembeni kama nimeiharibu mboga yake. Akanirudisha kliniki mwenyewe, akaingia ndani mara hii, akasimama nyuma ya nesi. Nesi akanivuta kope, akaniambia nicheke. Nikacheka, na safari ile nilikuwa nimefurahi. Akanipa upya vidonge vya damu na mayu akauliza vinamezwa saa ngapi.

Nilijifungua mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, asubuhi, pale pale zahanati. Damu ilitoka, ikakoma. Nesi aliniambia hivyo tu, "imekoma," naye alikuwa anatoka jasho. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, ana sauti. Niliisikia sauti ile nikajua nimetoka kifungoni, na kwamba nina maneno. Nilikuwa nimeyapanga tangu kiangazi. Ningemwambia mayu mbele ya nesi: muuaji nani sasa? Ungeniua kwa ugali wako na mkeka wako mlangoni. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kwa mpangilio, hakuna hata moja la matusi.

Mayu akaingia. Nesi akampa mtoto, akaenda kwenye meza yake kuandika kadi. Mayu akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akamfunua mtoto uso, akamtazama sana.

"Nilikuwa na binti," akasema.

Sikujua. Miaka mitatu ya ndoa, mume wangu hakuwahi kunitajia dada. Nyumba nzima ile hapakuwa na mtu aliyewahi kulitaja jina lake.

"Alikuwa na mimba, alikuja kuzalia kwangu, kule kwenye boma la zamani," akasema, anamwambia mtoto zaidi kuliko mimi. "Kiangazi kama hiki. Alikuwa anaiba ndimu. Namnyang'anya, anaiba. Mikono inanuka. Anatema damu, mimi nikasema ndimu hiyo, ndimu inamkata. Nikamfungia." Akamfunika mtoto miguu. "Siku ya kuzaa damu haikukoma. Yeye na mtoto. Watu wote wakasema ndimu imemuua, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema."



"Nesi alisema ngapi kwa siku?" akauliza.

"Moja, mayu."

"Moja tu?"

"Moja."

Akatikisa kichwa polepole, akasema kwa Kisukuma, sauti ndogo:

"Mti ulikuwa umejaa."

Mtoto akaanza kulia, anataka kunyonya. Nikanyoosha mikono nimpokee, lakini mayu hakuniona, akaendelea kumpakata, nami nikamwachia.